Kuing'oa boila ya gesi: tathmini ya pampu ya joto na sola baada ya misimu miwili ya baridi, Norwich

Nyumba yetu ni ya aina ambayo Waingereza walizijenga kwa wingi katika miaka ya 1930: nyumba mbili zilizoshikana ukuta mmoja, vyumba vitatu vya kulala ghorofani, sebule na jiko chini, na kuta za matofali za tabaka mbili zenye uwazi katikati. Iko Norwich, mashariki ya Uingereza, ambako upepo wa Bahari ya Kaskazini hufika bila kukutana na mlima wowote njiani. Aprili 2024 tuliing'oa boila ya gesi iliyokuwa jikoni, yaani mashine ya kupasha maji ya kuoga na ya kuipa nyumba joto, tukafunga pampu ya joto nyuma ya nyumba, tangi la maji moto la lita 200 katika kabati la juu, paneli kumi za sola juu ya paa, na betri. Nimengoja misimu miwili ya baridi ipite ndipo niandike, kwa sababu kuusifu mtambo wa kupasha nyumba joto mwezi wa Juni ni sawa na kulisifu bati kabla mvua haijanyesha.

Hukumu yangu naitoa mapema kwa ajili ya msomaji asiye na muda. Mashine ni nzuri, na hesabu zilizofanywa kabla ya kuifunga zilikuwa za uangalifu, lakini namna ilivyowashwa na kukabidhiwa kwetu ilikuwa ya ovyo, na kwa miezi kama kumi tulilipia umeme ambao haukuwa na sababu ya kutumika. Kampuni iliyotufungia sitaitaja, kwa kuwa makosa niliyoyakuta nimeyasikia pia kwa watu waliofungiwa na wengine, na nisingependa msomaji adhani kwamba akiikwepa kampuni hiyo moja atakuwa ameyakwepa makosa yenyewe.

Kwa wasioifahamu, pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa. Friji huchota joto kutoka ndani ya kabati lake na kulimwaga nje, ndiyo maana ukipitisha mkono nyuma yake unahisi vuguvugu. Pampu hii huchota joto kutoka katika hewa ya nje na kulitia katika maji yanayozunguka kwenye rediata za nyumba, yaani vile vyuma vya ukutani vinavyopasha vyumba joto. Swali ambalo karibu kila ndugu ameniuliza kwa simu ni hilo hilo moja: hewa ya nyuzi sifuri ina joto gani la kuchotwa? Jibu limo katika gesi inayozunguka ndani ya mashine. Yetu hutumia propani, ndugu wa ile iliyomo katika mtungi wa jikoni, nayo huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo hewa ambayo kwetu ni baridi ya kuuma, kwake ni moto wa kutosha kuigeuza mvuke. Kompresa huubana mvuke huo mpaka ukapanda joto, maji yakalipokea joto hilo, kisha gesi ikarudi kuwa kioevu na mzunguko ukaanza upya. Umeme hautumiki kutengeneza joto bali kulihamisha, na kwa sababu hiyo uniti moja ya umeme, yaani kilowati-saa moja, ile ile tunayoinunua nyumbani Tanzania kwa LUKU, mita ya kulipia umeme kabla, huweza kuleta uniti tatu au hata nne za joto ndani ya nyumba.

Wala jambo hili si geni katika mji huu kama majirani zangu wanavyodhani. Mwaka 1945 John Sumner, mhandisi wa umeme wa jiji la Norwich, alifunga pampu iliyochota joto kutoka mtoni ili kupasha majengo mapya ya ofisi za halmashauri, na kwa wastani wa msimu ilitoa uniti 3.42 za joto kwa kila uniti moja ya umeme. Nilipoisoma tarakimu hiyo niliifanya kipimo changu. Mashine ya leo, yenye kompyuta ndani yake, ikishindwa na ya mtu aliyefanya kazi yake katika mwaka vita vilipokwisha, basi lazima pana kosa mahali.

Tulipokea makadirio mawili. Mtu wa kwanza alikaa dakika ishirini, hakupanda ngazi, akauliza tunatumia gesi kiasi gani kwa mwaka, na kabla ya kumaliza chai yake akapendekeza mashine ya kilowati 12. Wa pili alikuja na kipimo cha leza, akapima kila chumba, akahesabu madirisha na kuuliza vioo vyake vina umri gani, akapanda darini kupima unene wa pamba ya kuhami joto, akaondoka baada ya saa tatu. Siku nne baadaye alituletea karatasi inayoonyesha kila chumba kinapoteza joto kiasi gani nje kukiwa na nyuzi 2 chini ya sifuri, na jumla ya nyumba nzima ilikuwa kilowati 5.9. Tofauti ya 12 na 5.9 si ya kupuuzwa, na haimaanishi tu kwamba ungelipa zaidi dukani. Pampu iliyo kubwa kupita kiasi haiwezi kujipunguza vya kutosha katika siku za baridi ya wastani, ambazo ndizo nyingi, hivyo huwaka na kuzimika kila baada ya muda mfupi, na kuwaka huko kwa mara kwa mara hula umeme na kuichosha kompresa. Tulichukua ya kilowati 7, na kwa ushauri wake tukaongeza pamba ya darini kutoka milimita 100 hadi 270, kazi iliyogharimu kidogo kuliko nyingine zote na ambayo ningeifanya hata kama ningebaki na boila.

Karatasi ile ile ndiyo iliyoamua juu ya rediata. Boila yetu ya zamani ilipeleka maji ya nyuzi 70, ilhali pampu hufanya kazi kwa nafuu inapopeleka maji ya nyuzi 35 hadi 45. Rediata ile ile ikipelekewa maji ya nyuzi arobaini na kitu hutoa takriban theluthi moja tu ya joto lililoandikwa kwenye lebo yake, kwa hiyo chumba kilichokuwa kikitoshelezwa na rediata moja nyembamba huhitaji nene yenye tabaka mbili, au ndefu zaidi, au vyote viwili. Kati ya rediata zetu tisa, sita zilibadilishwa. Ya sebuleni sasa ni pana kiasi cha kuchukua ukuta wote chini ya dirisha, na kochi ikabidi lihame. Anayekuambia kwamba atakufungia pampu bila kugusa rediata hata moja, mwombe hesabu kwanza. Huenda ikawa kweli katika nyumba fulani, lakini hesabu ndiyo shahidi.

Sasa fedha. Pampu, tangi, rediata sita na kazi vilifika pauni 12,400. England na Wales zina mpango wa serikali unaoitwa Boiler Upgrade Scheme, ambao hutoa ruzuku ya pauni 7,500 kwa pampu ya aina hii. Ulipoanza mwaka 2022 ilikuwa pauni 5,000, ikapandishwa Oktoba 2023. Ruzuku haipiti mkononi mwako: mfungaji, ambaye lazima awe na cheti cha MCS, mpango wa kuthibitisha ubora wa wafungaji, ndiye huiomba kwa Ofgem, msimamizi wa soko la gesi na umeme, na kuipunguza kwenye ankara yako, kwa hiyo sisi tulilipa pauni 4,900. Sola na betri hazikuwa na ruzuku, zikagharimu pauni 10,200, ingawa kodi ya ongezeko la thamani kwa vifaa vyote hivi ni sifuri hadi mwisho wa Machi 2027. Ikumbukwe kwamba boila iliyong'olewa ilikuwa na miaka 16 na siku zake zilikuwa zikihesabika, hivyo sehemu ya fedha hizo tungezitoa tu.

Kazi yenyewe ilichukua siku tano, mafundi bomba wawili na fundi umeme mmoja, na kwa usiku mbili tulioga kwa maji ya birika. Walikuwa wasafi, walitandika maturubai ngazini, na mabomba ya nje waliyafunika kwa koti nene la kuhami joto hadi kwenye maungio, jambo ambalo nimeona wengine wakiliacha. Mashine iliwekwa mita moja na zaidi kutoka mpaka wa jirani kwa sababu ndivyo kanuni za mipango miji zilivyotaka wakati ule. England iliondoa sharti hilo la mita moja Mei 2025, mwaka mmoja baada ya sisi kulihamisha banda la baiskeli kwa ajili yake. Na kwa kuwa ndani yake mna propani, haikuruhusiwa kukaa karibu na dirisha, mlango au tundu la maji machafu, maana gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa chini.

Nyumba ilikuwa na joto katika msimu wa kwanza, hilo silikani. Kilichonitisha ni ankara. Januari 2025 pampu na tangi vilikula uniti 790, na nilipogawanya joto lililotolewa kwa umeme uliotumika nikapata 2.7, tena kwa kutumia kipimo kilichomo ndani ya mashine yenyewe, ambacho sikichukulii kuwa msahafu. Sumner alikuwa amenishinda kwa mbali. Nikapiga simu kwa kampuni, nikajibiwa kwamba mwaka wa kwanza nyumba hukauka unyevu wake na kwamba nivute subira.

Jibu nililipata kwa bahati, jikoni, usiku mmoja wa mwanzo wa Februari. Ilikuwa saa tatu, watoto wamelala, nami nilikuwa naosha vyombo mbele ya kile kioo kidogo cha mita tulichokiweka dirishani. Kilionyesha kilowati 3.4. Nikatazama nje: feni ya pampu imesimama, kimya kabisa, kijani cha taa yake kikimulika theluji kidogo iliyobaki. Nikazima jiko, nikazima mashine ya kuoshea vyombo iliyokuwa haifanyi kazi, nikachomoa televisheni, na namba ikashuka hadi 3.1 na kugoma hapo. Nilipanda juu, nikafungua kabati la tangi, nikaweka sikio. Maji yalikuwa yakitoa ule mlio mwembamba wa birika linalokaribia kuchemka. Ndani ya tangi kuna elementi ya kilowati 3, inayofanana na ile ya hita ya kuogea, ambayo kazi yake ni kusaidia pampu ikiharibika, na kupandisha maji hadi nyuzi 60 mara moja kwa wiki ili bakteria wa lejionela, waletao ugonjwa wa mapafu, wasizaliane. Mtu aliiwekea saa ya kuwaka kila jioni kuanzia saa mbili. Kila uniti iliyopita humo ilileta uniti moja ya joto, si tatu, na ilifanya hivyo kila siku tangu Aprili.

Baada ya hapo niliufungua mwongozo wa mashine na kuusoma kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, ila halina mlio: maji ya rediata yalikuwa yamefungwa kwenye nyuzi 55 usiku na mchana, nje kukiwa na barafu au kukiwa na nyuzi 12. Mashine hizi zina mpangilio wa kufuata hali ya hewa, kwamba baridi ikizidi nje maji hupanda joto, baridi ikipungua maji hushuka, na bila mpangilio huo umenunua gari la gia sita ukaliendesha kwa gia ya pili. La tatu lilikuwa vali za rediata za vyumbani, zilizoachwa nusu zimefungwa, hivyo maji yalizunguka katika rediata nne tu na mashine ikawa inawaka na kuzimika kama ile ya kilowati 12 tuliyoikataa.

Kampuni ilimtuma fundi. Alikaa mbele ya kidude cha kuongozea mashine kwa dakika kumi, akazima ratiba ya elementi na kubakisha ile ya mara moja kwa wiki, akawasha mpangilio wa hali ya hewa, akatuambia tufungue vali zote. Nilipomuuliza kwa nini haikufanywa hivyo tangu siku ya kwanza, alinijibu kwa ukweli ambao hata leo namshukuru: zote huachwa hivyo, kwa sababu mteja anayelalamikia baridi huwalazimu kurudi bila malipo, na mteja anayelalamikia ankara humpigia simu muuza umeme. Hakututoza, wala hakuomba radhi.

Vipimo vyetu vya sasa, kwa anayetaka kulinganisha, ni maji ya nyuzi 43 nje kukiwa na nyuzi 2 chini ya sifuri, yakishuka hadi nyuzi 31 nje kukiwa na 10. Tulivifikia polepole kwa kushusha nyuzi moja kila baada ya siku tatu mpaka mtu mmoja ndani ya nyumba alipolalamika, kisha tukarudi juu nyuzi moja. Pampu huachwa ikifanya kazi mfululizo. Hilo lilinisumbua nafsi, kwa sababu nimekulia katika nyumba ambayo taa ikiachwa inawaka chumba kisicho na mtu ni kesi, lakini mashine hii haipendi kuzimwa asubuhi na kukimbizwa jioni. Hupenda kutembea taratibu mchana kutwa.

Desemba iliyopita Mama alikuja kutoka Lushoto, naye si mgeni wa baridi, maana Julai ya milimani anaijua vizuri. Alipovua koti aliweka kiganja juu ya ile rediata pana ya sebuleni, akakiacha hapo kama anayempima mtoto homa.

"Mwanangu, hiki chuma kimepoa."

"Hakijapoa, Mama. Tazama kipimo pale ukutani, nyuzi 21."

"Namba naiona. Mimi naulizia moto."

Alikuwa amegusa jambo ambalo matangazo huliacha. Hakuna moto wa kuuegemea. Rediata haichomi, ina joto la maji ya kumwogeshea mtoto, na aliyezoea kuingia ndani na kuusogelea ukuta unaowaka atahisi amepunjwa, ingawa karibu vyumba vyote vina joto sawa kutoka sakafuni hadi darini na madirisha hayatoi jasho asubuhi kama zamani. Mama alizoea siku ya tatu, baada ya kugundua kwamba kanga alizozifua hukauka juu ya rediata usiku mmoja bila kukakamaa.

Tangu marekebisho yale hadi mwaka ulipotimia, mashine ilitoa uniti 11,200 za joto kwa uniti 3,030 za umeme, yaani 3.7 kwa moja. Sumner nimemshinda, ingawa si kwa kishindo.

Hata hivyo ufanisi peke yake haulipi ankara, na hapa napenda kuwa mkweli kuliko wauzaji. Uingereza umeme ni ghali sana ukilinganishwa na gesi. Sisi tulikuwa tukilipa takriban peni 6 kwa uniti ya gesi na peni 26 kwa uniti ya umeme, zaidi ya mara nne. Boila ya kale yenye ufanisi wa asilimia 85 ilitupatia uniti ya joto kwa peni 7. Pampu yetu ilipokuwa kwenye 2.7 iligharimu peni 9.6 kwa uniti hiyo hiyo, kwa maana kwamba kabla ya marekebisho yale tulilipa zaidi ya tulivyolipa kwa gesi. Na sasa kwenye 3.7 ingegharimu peni 7, yaani sare. Faida ilianza tulipohamia mpango wa umeme wenye saa za bei nafuu usiku na mchana, tukaiacha betri ijijaze saa hizo na tangi lipashwe saa hizo, na wastani wa bei yetu ukashuka hadi karibu na peni 16. Hapo ndipo joto la uniti moja likawa peni 4 na kitu. Aidha tulipoifuta akaunti ya gesi tuliepuka ada ya kila siku inayolipwa hata usipotumia gesi, karibu pauni 110 kwa mwaka. Kwa jumla tunaokoa kama pauni 400 kwa mwaka upande wa joto, kiasi cha kuridhisha, si cha kumfanya mtu aache kazi.

Ili kuifuta akaunti hiyo ilibidi jiko la gesi nalo liondoke, na nafasi yake ikachukuliwa na la induksheni, jiko la umeme linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku. Sufuria zetu za alumini, zile zisizo na mkono zilizosafiri nasi kutoka Tanga, hazikushika moto hata kidogo, kwani jiko hili hukitambua tu chombo kinachovutwa na sumaku. Mke wangu alizipitia kabati zote akiwa na sumaku ya mlango wa friji mkononi, na chombo kimoja tu cha nyumbani kilichofaulu kilikuwa kikaango cha chuma cha chapati. Chapati, nikiri, zinaiva vizuri kuliko kwenye gesi.

Kuhusu sola, neno langu kuu ni kwamba isichanganywe na pampu katika hesabu moja. Paneli zetu zina jumla ya kilowati 4.3, zinatazama kusini, hakuna mti wa kuzizuia, nazo kwa mwaka hutoa kama uniti 3,900, zaidi ya ile pampu inayotumia. Muuzaji huziweka tarakimu hizo mbili pembeni kwa pembeni na kukuachia ujijazie mwenyewe kwamba jua litaipasha nyumba. Lakini Norwich katikati ya Desemba jua huchomoza saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni, likiwa limepita chini karibu na mapaa ya watu. Desemba iliyopita paneli zilitoa uniti 95 kwa mwezi mzima, na pampu ikatumia 480. Juni zilitoa 530, na pampu ilikuwa haina kazi ila maji ya kuoga. Kwa hiyo jua letu halipashi nyumba wakati wa baridi. Linatupa maji moto ya bure kuanzia Aprili hadi Septemba, linapunguza umeme wa vyombo vingine, na ziada inauzwa kwenye gridi kwa peni 15 kwa uniti. Mauzo hayo na umeme tusioununua hufika karibu pauni 750 kwa mwaka, hivyo sola na betri zitajilipa baada ya miaka kumi na mitatu au zaidi kidogo. Ningekuwa na fedha za kimoja tu ningechukua pampu na ule mpango wa saa za bei nafuu, kwa sababu ruzuku iko huko.

Jambo moja litawashangaza waliozoea sola za kwetu. Umeme wa gridi ukikatika, paneli na betri zetu nazo huzimika, hata jua liwe la utosi. Inveta, kifaa kinachougeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, imetakiwa kufanya hivyo ili isipeleke umeme kwenye nyaya ambazo fundi anadhani hazina umeme. Kuna swichi ya ziada inayoitenga nyumba na gridi ili betri iendelee, lakini ni gharama nyingine, na kwa kuwa umeme umekatika mara moja tu tangu 2024, kwa dakika arobaini, hatukuinunua. Na kwa aliye Njombe au Limuru anayewaza haya yote kwa ajili ya maji ya kuoga tu, sioni sababu ya kubeba mzigo huu. Hita ya maji ya jua juu ya paa, isiyo na kompresa wala ratiba ya kukosewa, inamtosha.

Kelele ni ndogo kuliko nilivyoogopa. Mfungaji alitakiwa kuonyesha kwa hesabu kwamba kwenye dirisha la jirani haitazidi desibeli 42, na usiku mimi husikia zaidi friji ya jikoni. Mshangao ulikuwa mvuke. Hewa yenye unyevu wa bahari ikiwa kati ya nyuzi sifuri na 5, barafu huganda kwenye mapezi ya mashine, na kila baada ya muda mashine hujigeuza kwa dakika chache kuiyeyusha, ikatoa wingu jeupe kubwa. Asubuhi ya kwanza ilipotokea, jirani, mzee wa miaka themanini na ushee, alibisha mlango akiwa na joho la kulalia na ndoo ya maji.

Kwa anayefikiria kufanya kama sisi, maswali ya kumuuliza mfungaji kabla ya kutia saini ni machache lakini ayajibu kwa maandishi: nyumba inapoteza kilowati ngapi, chumba kwa chumba, maji yatakuwa nyuzi ngapi siku ya baridi kali, mpangilio wa kufuata hali ya hewa utawashwa na nani, lini, na elementi ya tangi imewekewa ratiba gani. Aliyepanga nyumba hana la kufanya bila mwenye nyumba. Aliye kwenye ghorofa isiyo na nafasi ya nje naye namshauri angoje.

Kasoro iliyobaki ni chumba kidogo juu ya mlango wa mbele, ambacho hakivuki nyuzi 17 hata tufanye nini. Bomba linalokipelekea maji lina kipenyo cha milimita 10, jembamba mno kwa maji yasiyo ya moto mkali, na kulibadilisha kunahitaji sakafu ifunguliwe. Lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi ya hesabu, mstari wa mwisho, na mafundi walilipita. Fundi mwingine tuliyempata kwa kuulizia atakuja Septemba kulishughulikia, pamoja na huduma ya mwaka ya pauni 190 ambayo bila hiyo dhamana ya miaka saba hubatilika. Hadi wakati huo chumba hicho tumekipa mchele, vitunguu na masanduku ya Mama.